Uzi: Kazi zetu za programu zinalala foleni kuliko zinavyofanyiwa kazi. Tujadili Lean kwa undani

Msimbo_Safi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Lean (mbinu ya kuendesha kazi kwa kuondoa kila kinachopoteza muda na mali) inapotajwa humu, nusu ya wachangiaji wanaichukulia kama jina jingine la Scrum (utaratibu wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi vifupi), na waliobaki wanaiona ni fimbo ya bosi anayetaka kupunguza watu. Nimekaa kwenye timu za programu muda wa kutosha kuona vyote viwili vikifanyika kwa jina hilo, na inaniuma, kwa sababu ndani yake kuna jambo lenye faida kubwa kwetu. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Jambo lenyewe ni hili: meneja wengi wanamwangalia mtu kama ana shughuli, hawaangalii kazi imelala wapi. Lean inageuza macho. Iache mtu, ifuate kazi.

Chukua tiketi moja tu (yaani ombi moja la kazi lililosajiliwa) iliyokwishafungwa, iwe ndogo. Tuseme mteja aliomba SMS ya risiti ionyeshe jina la tawi. Kaomba Jumatatu. Ombi likakaa kwa mchambuzi hadi kikao cha Alhamisi. Wiki iliyofuata mtengenezaji akaliandika asubuhi moja, likaisha. Akamwomba mwenzake apitie msimbo (code) aliouandika, mwenzake yuko kwenye "ya haraka" nyingine, siku tatu zikapita. Likaenda kwa mpimaji, akakuta seva ya majaribio imeshikwa na mradi mwingine. Likasubiri. Likapimwa kwa saa moja. Kisha likasubiri toleo la mwisho wa mwezi, kwa sababu "hatutoi toleo kwa jambo dogo." Mteja anapata maneno mawili kwenye SMS baada ya karibu mwezi mzima, na ukijumlisha muda ambao mikono ya watu imeligusa haufiki siku moja.

Sasa angalia: kila mtu kwenye hadithi hiyo alikuwa na kazi tele, hakuna mvivu hata mmoja. Ukimwambia kila mmoja aongeze bidii mara mbili, utaokoa saa chache ndani ya mwezi. Muda wote uko kwenye kusubiri, na kusubiri hakuna bosi wake.

Asili yake kwa kifupi. Taiichi Ohno na wenzake pale Toyota walijenga mfumo wa uzalishaji uliotafuta kila kinachopoteza muda na mali bila kumfaidi mnunuzi, wakakiita *muda* kwa Kijapani (wao wanamaanisha upotevu, msichanganye). Jina Lean lilikuja baadaye Marekani: John Krafcik alilitumia kwenye makala yake ya mwaka 1988, na watafiti wa chuo kikuu cha MIT wakalieneza kuanzia 1990. Mwaka 2003 Mary na Tom Poppendieck wakayahamishia mawazo hayo kwenye programu. Orodha yao ya upotevu ndiyo tunayoishi nayo: kazi iliyoishia njiani, taratibu zisizo na faida, vipengele ambavyo hakuna aliyeviomba, mtu kurukaruka kati ya kazi nyingi, kusubiri, kuzunguka kutafuta taarifa, na hitilafu.

Ukiniuliza kipi kibaya kuliko vyote, nasema kazi iliyoishia njiani. Msimbo ulioandikwa na haujafika kwa mteja ni fedha iliyozikwa. Hauleti kipato, haukufundishi kitu, na kila siku unaokaa pembeni unazidi kuachana na msimbo mkuu, hadi siku ya kuuunganisha mnapigana nao usiku kucha.

Nitaendelea na upande wa hesabu. Karibuni mchangie.

---

Kijana_wa_Seva

Mkuu asante kwa uzi. Ila kwetu bosi anataka kila mtu "ajazwe" asilimia mia. Ukionekana huna tiketi mbili tatu mkononi unaitwa. Tunafanyaje? Yeye haoni kwamba kujaza watu ndiko kunaleta foleni?

---

Msimbo_Safi

Kijana_wa_Seva, swali lako ndilo nililotaka kulifikia.

Hesabu za foleni zinasema hivi. Kama kazi zinaingia bila ratiba ya uhakika na kila moja ina ukubwa wake (yaani ofisi zetu zote), muda wa kusubiri haupandi taratibu kadiri unavyomjaza mtu. Kwa modeli ya foleni iliyo rahisi kuliko zote, mtu akiwa amejazwa asilimia 50, kazi mpya inasubiri kwa wastani muda sawa na wa kuifanya. Akifika asilimia 80 inasubiri mara 4 ya muda huo. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Ukikaribia mia, foleni haina mwisho. Barabara ya Morogoro asubuhi imejaa magari kila sentimita, imetumika kikamilifu, na hakuna anayefika.

Kuna kanuni nyingine, ya John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961, nayo ni rahisi hata kwa bosi asiyependa hesabu: wastani wa muda wa kazi ndani ya mfumo ni idadi ya kazi zilizofunguliwa ukigawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Timu ina kazi 30 zilizoanzwa, inamaliza 5 kwa wiki: kazi itachukua wiki 6. Zikibaki 10 zilizoanzwa, kwa kasi ileile ya 5, ni wiki 2. Hujaajiri mtu wala hujamkimbiza yeyote. Umeacha tu kuanza vitu vipya kabla ya kumaliza vya zamani.

Kwa hiyo bosi wako usimwambie "tunataka kupumzika." Mwonyeshe tarehe. Mpelekee tiketi zenu zilizofungwa mwezi uliopita, kila moja imeombwa lini, imeanzwa lini, imemfikia mteja lini. Mwache azisome mwenyewe. Mabosi wengi hawajawahi kuona karatasi ya namna hiyo, wanaona tu asilimia za watu kujazwa.

---

MtuWaTenda

Mimi nina mashaka. Lean ni ya kiwandani. Kiwanda kinatoa Hiace ileile mara elfu moja, sisi kila mradi ni mpya. Ukipunguza tofauti kiwandani unapata ubora. Ukipunguza tofauti kwenye programu unaua ubunifu. Halafu mikataba yetu ya tenda ina wigo uliofungwa tangu siku ya kusaini. Hayo ya "kujifunza njiani" mteja wa serikali atakuelewa?

---

Msimbo_Safi

MtuWaTenda, nusu ya hoja yako nakubaliana nayo kabisa. Waliochukua kanuni za mstari wa kuunganishia magari na kuzibandika kwa watengeneza programu wamekosea chumba. Toyota ina vyumba viwili: kuna kule gari linakounganishwa na kuna kule gari linakobuniwa. Sisi wa programu tuko chumba cha pili. Kompyuta ndiyo inayonakili kwa sekunde, na kinachobaki kwa binadamu ni ubunifu mtupu.

Na chumba cha pili kina mambo yake. Allen Ward na wenzake walipowachunguza wahandisi wa Toyota miaka ya 1990 walikuta kitu kinachoshangaza: hawachagui muundo mmoja mapema na kuung'ang'ania. Wanabeba miundo kadhaa sambamba, wanaipima, wanaondoa inayoshindwa kidogokidogo, na wanafunga uamuzi wakiwa na ushahidi mkononi. Kwa jicho la haraka ni upotevu, mbona wanabuni vitu vitatu na kutumia kimoja? Lakini gharama ya kugundua mwishoni kwamba ulichagua vibaya ni kubwa kuliko ya kujaribu vitatu mwanzoni.

Kwetu inaonekana hivi: mfumo unahitaji kupokea malipo, na kuna njia mbili za kuunganisha. Badala ya kubishana kikaoni wiki mbili, watu wawili waandike kipande kidogo cha kila njia kwa siku chache: muamala mmoja unaokubalika, mmoja unaokatika katikati, mmoja unaoletwa mara mbili. Huo wa mara mbili ndio utakaowaambia ukweli, kwa sababu hapo ndipo mteja anakatwa fedha mara mbili. Uamuzi utajitokeza wenyewe.

Donald Reinertsen ameandika sana juu ya tofauti hii ya kiwanda na ubunifu, na ninaloshika zaidi kwake ni gharama ya kuchelewa. Jiulize kila kazi ikichelewa wiki moja tunapoteza nini. Nyingine hupotezi kitu. Nyingine gharama inapanda polepole. Nyingine ina ukuta: mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, kiwango cha kodi kikibadilika siku hiyo, mfumo wa ankara usiobadilika unatoa ankara batili kuanzia asubuhi. Kazi hizi haziwezi kupangwa kwa nani amepiga kelele zaidi kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu tenda nitarudi, nina mfano mkubwa.

---

Mpimaji_Dada

Ndugu zangu, naomba mniruhusu niseme upande wa wapimaji, maana sisi ndio tunaolaumiwa kuwa tunachelewesha. Kazi zinakuja kwetu zote siku mbili kabla ya toleo. Tukikuta hitilafu tunaambiwa "pitisha tu, tutarekebisha awamu ya pili." Awamu ya pili haiji. Je, hiyo Lean inasema nini kuhusu ubora, au ni kasi tu?

---

Msimbo_Safi

Dada, ubora ndio mguu mmoja wa mfumo wote, wala si nyongeza.

Kabla ya magari, Sakichi Toyoda alitengeneza mitambo ya kufuma nguo. Mtambo wake ulisimama wenyewe uzi ulipokatika, kwa hiyo haukuendelea kufuma kitambaa kibovu, na mfanyakazi mmoja aliweza kusimamia mitambo mingi. Wazo hilo likahamia kwenye magari: mfanyakazi akiona kasoro anavuta kamba, msaada unakuja, na tatizo lisipotatuliwa haraka mstari unasimama. General Motors walikuwa na kiwanda Fremont, California, walichokifunga 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa upya kwa ubia na Toyota, wafanyakazi wengi wakiwa walewale wa zamani, safari hii wakiwa na haki ya kuvuta kamba. Ubora ukapanda hadi kuwashangaza Wamarekani wenyewe.

Sasa niwape upande wa pili, pale kamba isipovutwa. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilipeleka msimbo mpya wa kuuza na kununua hisa kwenye seva zake 8. Saba zikapata, ya nane ikasahaulika. Kwenye seva hiyo kulikuwa na kipande cha zamani kilichoacha kutumika tangu 2003 lakini hakuna aliyekifuta, na msimbo mpya ulitumia swichi ileile iliyokuwa ikikiamsha. Soko lilipofunguliwa, kipande kile kikaanza kununua na kuuza bila breki. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440.

Kinachonisumbua mimi si seva ya nane. Ni kwamba kabla soko halijafunguliwa, mfumo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 zikitaja hitilafu hiyo. Mdhibiti wa masoko ya mitaji aliandika jambo hilo kwenye uamuzi wake. Barua 97, na hazikuwa zimewekwa ziwe king'ora, zikapita kama barua nyingine. Uzi ulikatika, mtambo haukusimama.

Kwa hiyo dada yangu, timu yenu ikubaliane hivi: jaribio la otomatiki likifeli kwenye msimbo mkuu, hakuna anayeongeza kitu juu yake hadi lipite. Na wewe ukiwa umejaa, mtengenezaji hachukui tiketi mpya, anakuja kukusaidia kupima. Mwanzoni watanuna. Wakishapima wiki kadhaa wataanza kuandika msimbo unaopimika, kwa sababu maumivu yako yatakuwa yao.

---

Nairobi_Kazini

Niaje wadau. Mnaongea Japani na Amerika tu, na mfano mzuri uko hapa kwetu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, lakini majaribio yalianza 2005, watu wachache na maajenti wachache, Nairobi na Thika. Wazo la kwanza halikuwa kutuma pesa hata kidogo! Ilikuwa ni ya wateja wa mikopo midogo ya Faulu kulipa mikopo yao kwa simu. Wale watu wakapewa mfumo, wakaanza kutumiana pesa na ndugu zao, wengine wakaweka pesa ya duka jioni ili wasitembee nayo usiku. Upande wa mikopo ukawa ngumu kuunganisha na vitabu vya taasisi. Timu ikaangalia kile watu wanafanya kwa ukweli, ikaacha mikopo, ikazindua kutuma pesa nyumbani. Wangejenga ule mfumo wa mikopo wote kwanza hadi ukamilike, ingekuwaje?

---

Msimbo_Safi

Nairobi_Kazini, umenipa mfano bora kuliko yote niliyokuwa nayo. Na angalia ukubwa wa jaribio: mamia ya watu, siyo nchi nzima. Jaribio dogo lakini la kweli, watu wanatumia shilingi zao halisi. Onyesho la slaidi lisingewaambia kwamba mwenye duka anaogopa kutembea na mauzo ya siku.

MtuWaTenda, sasa nije kwako. FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ilitaka mfumo wa majalada ya kesi. Mradi wa kwanza, Virtual Case File, ulikuwa na waraka wa mahitaji wa kurasa zaidi ya 800. Ukaachwa 2005 baada ya kumeza kama dola milioni 170. Mwaka 2006 wakaanza mwingine, Sentinel, tena kwa mkandarasi mkubwa na awamu nne kubwa. Kufikia 2010 sehemu kubwa ya bajeti imeliwa na awamu mbili tu ndizo zimefika kwa watumiaji. Hapo FBI wakauchukua mradi ndani, wakapunguza sana idadi ya watu, wakakata kazi vipande vidogo na kuonyesha programu inayotembea kila wiki mbili. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika ofisi zote.

Hiyo ni serikali, yenye wakaguzi na kanuni za manunuzi. Sidai kwamba afisa manunuzi wa halmashauri atakubali kesho. Ila ndani ya wigo uliofungwa bado una uhuru wa mpangilio na wa ukubwa wa vipande. Mkataba ukisema moduli sita, hakuna kifungu kinachokulazimisha kuziunganisha zote mwezi wa mwisho. Peleka ya kwanza itumiwe na mhasibu mmoja halisi, kwenye kituo kimoja. Na kwenye ratiba ya malipo, omba malipo yafungwe kwa kitu kinachofanya kazi mezani kwa mtumiaji, badala ya "ripoti ya awali ya uchambuzi." Hilo linaombwa kabla ya kusaini, baada ya hapo ni kuomba hisani.

---

MtuWaTenda

Hapo kwenye ratiba ya malipo nimekupata, mkuu. Sisi malipo ya pili yamefungwa kwenye waraka, ndiyo maana tunaandika waraka miezi mitatu. Sijawahi kuliangalia hivyo.

Nyongeza: nilisikia vipengele 64% vya programu huwa havitumiki kabisa au ni kwa nadra. Hiyo si ingetosha kumshawishi mteja apunguze orodha?

---

Msimbo_Safi

Usiitumie hiyo, nakusihi. Ilitolewa kwenye hotuba ya mwaka 2002 na ilitokana na programu nne za ndani ya kampuni. Haiwezi kusemea ulimwengu mzima, na mteja mwerevu akiichimba utapoteza imani yake kwa hoja yote. Mpe takwimu zake mwenyewe: mfumo wake wa zamani una ripoti ngapi, na ngapi zimefunguliwa mwaka huu. Logi za seva (kumbukumbu za nani amefungua nini) zinajua.

---

Kijana_wa_Seva

Mkuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Nimemshawishi meneja tujaribu. Tunaanzia wapi? Tuko 7, watengenezaji 4, wapimaji 2, mchambuzi 1. Na makadirio ya muda tunayaachaje, maana kila ombi linatakiwa likadiriwe?

---

Msimbo_Safi

Hongera, na mshukuru meneja.

Nianze na makadirio. Mwaka 2004 timu moja ya matengenezo ya programu za ndani za Microsoft, iliyokuwa India, ilikuwa na foleni ndefu na wateja wenye hasira. David Anderson alimshauri meneja wao, Dragos Dumitriu. Walipofuatilia kazi badala ya watu wakakuta kukadiria maombi kunakula theluthi ya uwezo wa timu au zaidi, na mengi ya yaliyokadiriwa hayakuja kufanywa kabisa. Wakaacha kukadiria, wakaweka kikomo cha kazi zinazoingia, na wateja wakawa wanachagua kipi kiingie nafasi inapopatikana. Muda wa kungoja ulishuka kutoka kama miezi mitano hadi kama wiki mbili, na hatua kubwa za mwanzo hazikuhitaji mtu mpya. Kwenu, waambieni wateja tarehe kwa kutumia historia yenu: "maombi ya aina hii, mengi yanamalizika ndani ya wiki kadhaa tangu kuingia." Itakuwa kweli kuliko kubuni saa.

Kuanza: ubao ukutani, mkiwa ofisi moja. Msianze na programu ya kulipia. Chora safu jinsi kazi inavyopita kwenu hasa, msichore mnavyotamani ipite. Tenganisha "inapimwa" na "inasubiri kupimwa", maana hapo ndipo mtaona. Bandika kila kazi iliyokwishaanzwa, hata ile ya bosi aliyokupa kwenye korido. Karatasi zitajazana sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo ya kushughulikia kwanza.

Vikomo: utengenezaji 4, mapitio ya msimbo 2, upimaji ukijumlisha vinavyosubiri 3. Safu ikijaa, hakuna kusukuma kitu ndani yake. Aliyemaliza yake anaenda kusaidia kilicho mbele. Namba hizo si takatifu. Kaeni nazo wiki mbili tatu, mkiona hakuna anayebanwa punguzeni moja, mkiona mnakwama kila siku kwa sababu ileile, rekebisheni sababu kabla ya kuongeza kikomo. Acheni nafasi moja ya dharura, moja tu, na anayeitaka aandike jina lake kwenye karatasi.

Kila karatasi iwe na tarehe mbili, ya kuanza na ya kumfikia mteja. Zikusanye. Mwisho wa mwezi zilete hapa, futa majina ya wateja, tuzisome pamoja.

---

Mpimaji_Dada

Kijana_wa_Seva, na hao wapimaji wawili waite siku ya kuchora ubao, msiwaletee ukiwa tayari. Wao ndio wanaojua kazi inasubiri wapi.

---

Kijana_wa_Seva

Sawa dada, nitawaita. Tunachora Jumatatu asubuhi.